Nimekuja Kutazama Maji

Haya, nyamazeni basi. Tangu nirudi, kila anayeleta kitambaa kushonewa anakaa kizingitini pangu na kuanza: "Ehe, Bi Hadija, hebu tueleze, ilikuwaje huko?" Nikianza kueleza anaingia mwingine, ananirudisha nilikotoka. Nguo za watu zinalala. Nimeona niandike mara moja, ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe, na mimi nipumue. Habari za vibali na nauli sitaziandika, hazina utamu.

Mnajua nimezaliwa Msimbati. Sisi wa kule tumekulia mdomoni mwa Ruvuma. Masika mto ukijaa, bahari yetu hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, na mawimbi yakatuletea magogo, mabua ya mtama, siku moja hata mlango wa kibanda na komeo lake. Nikimuuliza mama, "Haya yanatoka wapi?" ananijibu, "Juu." Juu wapi? "Juu huko, maji yanakoporomoka." Nikakua na neno hilo. Nikaolewa nalo, nikaachwa nalo, nikashona magauni ya watu miaka na miaka ninalo. Mwaka huu goti langu la kushoto limeanza kulia kama bawaba kavu, nikajua nisipokwenda sasa siendi tena. Vita vya ng'ambo ya mto, Msumbiji, vimekwisha, wenzetu wamepata uhuru wao, na bondeni watu wanapita bila kutazama angani. Nilitaka kitu kimoja tu: niyaone maji yale yakiporomoka, kwa macho yangu, nimefika kwa miguu yangu.

Kaka yangu Athumani nilimuaga kwa heshima zote, na bado tukagombana.

"Unakwenda kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa maji."

"Nakuuliza mtu, Hadija."

"Na mimi nimekujibu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna."

"Basi mwanamke mzima hafungi safari kwenda kutazama maji. Hayo mambo ya Wazungu na darubini zao. Kama ni maji, bahari hiyo hapo, tazama mpaka uchoke."

"Kwani Wazungu ndio waliopewa macho peke yao?"

Akalitazama goti langu, akacheka. "Kwa goti hilo? Hufiki hata Mpapura. Utarudi hapa mchuzi haujapoa."

Lile neno la mchuzi ndilo lililonipandisha hasira. Angesema "usiende, dada yangu, nakuonea huruma," huenda ningekaa. Lakini mchuzi! Nilifunga cherehani yangu kwa kufuli, nikatia kanga mbili kwenye kikapu, nikatoka bila hata kunywa maji.

RAHALEO HADI MPAPURA

Pale kwetu Rahaleo, Mtwara mjini, nilipata lori la chumvi lililokuwa likipandisha kwenda Newala. Dereva jina lake Chilumba, mtu mnene, hana haraka na jambo lolote. Mbele alikuwa ameshamweka mjomba wake, kwa hiyo mimi nikapanda juu ya magunia pamoja na utingo na mbuzi mmoja ambaye sikujua ni wa nani. Chumvi ya Mnazi Bay ni nzuri kwenye mboga, lakini ikikuingia kwenye michubuko unawajua baba yake na mama yake. Tulipokuwa njiani nikagundua kuwa futi yangu, ile ya kupimia nguo, bado iko shingoni. Nilitoka nyumbani na hasira hata nikasahau kuivua. Nikaiacha hapo hapo. Kumbukeni futi hiyo.

Tulipokaribia Mpapura tukasikia "paa!" chini ya lori, na lori likalala upande. Chilumba akashuka, akachungulia, akasema, "Springi." Akamtuma utingo arudi mjini kutafuta nyingine. Nikamuuliza itachukua muda gani.

"Kesho asubuhi, dada."

Kesho ile ikazaa kesho nyingine, na nyingine. Na mimi nimekaa wapi? Mpapura! Pale pale kaka yangu aliposema sitapita. Nilizunguka lile lori nikilitukana kimoyomoyo. Magari mawili yakapita kurudi Mtwara, na madereva wakanipigia kelele, "Mama, twende mjini, nafasi ipo!" Nikawaambia waende na nafasi yao.

Aliyenipokea ni Bi Fatu, mama mmoja mwenye nyumba kando ya barabara, ana mikorosho yake nyuma na makopa ya muhogo yameanikwa mpaka juu ya paa. Hakuniuliza jina mpaka nimekula. Alinipa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo ninyi wa mjini mnaidharau, ukiimenya inatoa mvuke na inakwama kooni kama huna chai. Chai ilikuwepo. Nilikula mpaka nikaona haya.

Siku ya tatu, kama mjuavyo, mgeni hupewa jembe. Mimi nilipewa kisu, nikamenya muhogo naye. Ndipo akaanza kunidodosa.

"Dada yangu, huko Newala umefiwa na nani?"

"Sikufiwa, Bi Fatu. Nakwenda kutazama maji yanavyoporomoka."

Akamenya muhogo mzima, akamenya wa pili. Halafu akaniwekea mkono begani, machozi yamemlengalenga. "Ndiyo mambo ya dunia. Usiseme kama huwezi kusema. Kulia kuna wakati wake."

Nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba hakufa mtu. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunihurumia. Kwake yeye, mwanamke wa umri wangu aliyekaa na goti bovu akisubiri springi na hataki kurudi, lazima huko mbele kuna maiti. Alinisimulia vifo vya wazazi wake wote wawili ili kunifariji, mpaka nikalia kweli, na hapo akaridhika.

Springi ilipofika na lori likasimama sawa, alikuja mbio na kapu la unga wa muhogo. "Huu ni wa matanga. Usinikatalie, si wako, ni wa marehemu."

Sasa nikatae vipi? Unga wa marehemu! Nikapanda juu ya chumvi na rambirambi zangu. Tulipoiacha Mpapura nyuma, nilisimama juu ya magunia nikageukia upande wa mjini na kusema kwa sauti, "Athumani, mchuzi umepoa!" Yule mbuzi ndiye pekee aliyenisikia.

MPAPURA HADI BARABARANI

Kupanda kwenda juu Umakondeni ni kazi. Mchanga unameza magurudumu, utingo anaruka na kabari yake, lori linanguruma, linarudi nyuma kidogo, linanguruma tena. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa, na harufu ya mabibo ilitufuata njia nzima. Kitu kimoja tu sikukiona, ingawa siku hiyo sikukitilia maanani: hatukuvuka mto hata mmoja. Hakuna daraja, hakuna kijito, hata dimbwi la bata. Ni mchanga na mikorosho na vichaka tu.

Chilumba alinishusha kwenye kijiji kimoja kipya. "Njia ya kwenda bondeni iko nyuma ya nyumba hizo," akasema. "Maporomoko yako huko chini. Lakini dada, kweli hukufiwa?"

"Endesha gari lako," nikamwambia.

Kijiji kile kina jina lake la serikalini, lakini wenyewe wanakiita Barabarani, kwa sababu ndipo walipohamishiwa, kando ya barabara, kutoka bondeni na kwingineko. Nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi, na nyasi za mapaa bado hazijapoteza rangi. Wanawake kadhaa walikuwa wamekaa kivulini wakitwanga na kusuka ukili. Nikawasalimu, wakaitikia. Mmoja, mwembamba mwenye ndonya ndogo, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Somoe, akaniuliza lile swali ambalo nilikuwa nimeshalichoka.

"Karibu, dada. Umekuja kwa nani?"

"Sina mtu hapa. Nimekuja kutazama maji."

Mchi ukasimama hewani. Wakatazamana. Somoe akasimama taratibu, macho yake yakashuka mpaka shingoni kwangu, akanyoosha kidole.

"Ana futi!"

Basi hapo palipigwa vigelegele, jamani, ambavyo mimi sikupigiwa hata siku ya ndoa yangu. Wengine walitupa ukili, wengine walikimbilia nyumba za mbali wakiita, "Wa maji amekuja! Safari hii wamemleta mwanamke!" Na mimi nikasimama nikicheka kama mjinga, nikisema moyoni: angalia watu wanavyopenda wageni.

Akaja Mwenyekiti wa kijiji, anafunga vifungo vya shati huku anatembea. Akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniongoza mpaka katikati ya kijiji, msafara mzima nyuma yetu. Kulikuwa na nguzo ya saruji, na kwenye nguzo bomba, na chini ya bomba, pale panapopaswa kuanguka maji, kuku amelalia mayai yake. Mwenyekiti akamsukuma kidogo kwa mguu, kuku akakataa kuondoka.

"Tulipohamia tuliambiwa hameni, maji yatawafuata," akasema. "Bomba limekuja. Maji yenyewe ndiyo hayajajua njia. Sasa, Mama Maji, tunashukuru."

Ndipo nikaelewa.

"Baba, mmekosea," nikasema. "Mimi si mtu wa ofisi. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Rahaleo. Futi hii ni ya kupimia magauni."

Wakacheka wote kwa adabu. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Naam, naam. Yule wa kwanza alisema yeye ni dereva tu. Wa pili alisema anapita. Tumeshazoea, mama. Ninyi watu wa ofisi hamtaki kusumbuliwa kabla ya kazi."

Nilijaribu tena wakati wanamkimbiza kuku wa kunichinjia. Nilijaribu tena kuku akiwa chunguni. Mwishowe nilikula, maana kumkataa kuku aliyekwisha chinjwa ni tusi jingine. Kabla ya kula, Somoe alinipelekea debe la maji uani ili nioge. Nilikuwa nimeiva kwa chumvi kama samaki wa ng'onda. Nikajimwagia kata kwa kata mpaka debe likabaki tupu, nikatoka nimetakata, nikamuuliza kama yapo mengine nifue kanga yangu.

Somoe akanitazama kidogo. "Yapo, Mama Maji. Yako bondeni."

Nikadhani bondeni ni hapo nyuma ya nyumba.

KUSHUKA

Alfajiri niliamshwa na milio ya madebe. Wanawake walikuwa wamekusanyika, kila mmoja na debe lake na kata ya nguo kichwani, wanakwenda kuteka. Mwenyekiti naye alikuwepo, pamoja na vijana wanne na kitanda cha kamba kimefungwa kwenye miti miwili.

"Mama, njia ni mbaya na tumeona unachechemea. Watakubeba."

"Kitandani?" nikasema. "Mimi bado sijafa, baba. Siku nikifa mtanibeba bila kuniuliza. Leo nashuka kwa miguu yangu."

Kushuka kule ndugu zangu ni kushuka kweli. Uwanda wa juu unakatika ghafla kama mkate, na njia inajipenyeza kwenye mwamba na mizizi, mahali pengine unashuka umegeuka kinyumenyume kama mtu anayeteremka ngazi. Goti langu lilianza kusema tangu kona ya kwanza. Nikaling'ang'aniza. Somoe alikuwa mbele yangu, na kila penye ubaya alisimama bila kugeuka, nimshike bega, halafu akaendelea. Alinieleza kwamba kwao ni ng'ambo. Walivuka Ruvuma wakati wa vita, yeye na mama yake na wanawe, wakalima bondeni upande wetu.

"Tulikimbia mabomu tukapata maji," akasema. "Tukahamishwa kwenye maji, tukapata barabara."

"Na mnashuka hivi mara ngapi?"

"Kila siku watoto wanapokuwa na kiu."

Jua lilipotoka tulikuwa kwenye jabali lililojitokeza, na bonde zima likafunguka chini yetu. Niseme nini? Mchanga wa Ruvuma ulikuwa mweupe, mpana, na maji yamejigawa vijito vijito katikati yake, yanang'aa. Ng'ambo vilima vya Msumbiji, rangi ya buluu, na moshi wa mtu anayepika uji wake kwa amani. Nilisimama pale nikaona kwa jicho langu mto ule uliokuwa ukitupelekea milango ya watu Msimbati. Nilifurahi mpaka mwili ukanisisimka. Wanawake walitua madebe wakanisubiri, wakidhani napiga hesabu.

Tulianza kuyasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Kuna kijito kinachotoka chini ya ule mwamba, kwenye chemchemi, kikateremka kuufuata mto, na mahali pamoja ardhi inakiishia miguuni. Pale maji yanajitupa. Si makubwa ya kutisha, msije mkatangaza habari nisiyoisema. Lakini yanaanguka kwa kelele zake, meupe, yanapiga jiwe na kurusha manyunyu, na mimea iliyopazunguka ni kijani kibichi cha namna ambayo huko juu nilikuwa nimekisahau. Nikavua viatu, nikaingia mpaka magotini na kanga yangu, goti bovu na zima yote mawili, nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimefika. Athumani hakuwepo, lakini nilimwonyesha.

Nilipogeuka, wanawake wote walikuwa wamesimama kando ya maji wakinitazama. Hakuna aliyeteka.

"Pima basi," Somoe akasema.

"Nipime nini?"

"Maji. Yanatosha kupanda mpaka juu au hayatoshi? Ulisema umekuja kutazama."

Nikatoka majini. Nikavua ile futi shingoni, nikampa mkononi mwake. "Somoe, itazame. Mwisho wake ni hapa. Inazunguka kiuno cha mtu na inabaki. Nimewaambia jana na hamkunisikia. Mimi ni fundi cherehani. Sijatumwa na mtu. Sina bomba wala mashine."

Safari hii hakucheka mtu. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimelowa, nimeshika viatu, na mtu wa ofisi halowi.

"Sasa umekuja kufanya nini?" akauliza mama mmoja nyuma.

"Kutazama."

"Kutazama tu?"

"Kutazama tu."

Somoe akaizungusha ile futi kwenye vidole vyake, akanirudishia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kila neno alilipa nafasi yake. "Waliokuja kutazama maji kabla yako walikuwa watu wa ofisi kweli. Wakatazama, wakala kuku, wakaenda zao. Wewe si wa ofisi, umetazama, umekula kuku. Sioni tofauti. Lile debe la jana uliloogea, niliteka mimi. Nilikuwa nimewawekea wanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mgeni hapimiwi maji."

Jamani, ninyi mnanijua. Hasira ilinipanda, wala si juu ya Somoe. Niliwakasirikia wote waliopita njia ile kabla yangu, waliosimama pale pale kwenye manyunyu wakasema "pazuri," halafu wakapanda magari yao. Na pazuri kweli, ndicho kilichoniudhi zaidi.

"Nipe debe," nikasema.

"Goti lako..."

"Somoe, nipe debe!"

Akanitekea. Akanitwika mwenyewe, akanipangia kata kichwani, akatia majani juu ya maji yasirukeruke. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Haya, twende."

KUPANDA

Hadithi ya kupanda kule sitairefusha, kwa sababu sehemu kubwa sikuona kitu ila visigino vya Somoe. Maji yalinimwagikia mgongoni, kifuani, machoni. Wenzangu walipanda wakisimuliana habari za ndoa ya fulani na mbuzi wa fulani, na mimi nilikuwa nahema kama mvukuto. Mara mbili wakataka kunipokea, mara mbili nikakataa kwa matusi ambayo hapa siyaandiki. Pale penye mwamba nilipanda kwa magoti, mkono mmoja kwenye debe, mwingine kwenye mzizi, na Somoe akinisukuma kutoka nyuma bila aibu yoyote.

Nilipolitua Barabarani, debe lilikuwa nusu. Nusu tu! Watoto wa Somoe wakaja mbio na vikombe. Nilikaa chini nikawatazama wanavyokunywa, na nikaapa pale pale, bila kumwambia mtu.

Jioni nikakumbuka lile kapu la Bi Fatu. Nikampa Somoe, nikamweleza ule ni unga wa matanga, na kwamba marehemu hayupo. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka.

"Yupo," akasema, akaonyesha ile nguzo ya saruji. "Si huyu hapa? Alikufa zamani, na bado hatujamzika."

Basi tukapika. Ule unga wa Mpapura tukausonga ugali, tukaula kwa kisamvu kando ya bomba, tukalifanyia matanga yake. Mwenyekiti naye alikuja, akala, akamwombea marehemu. Kuku hakuondoka kwenye mayai yake.

Asubuhi Chilumba aliporudi kutoka Newala, Somoe alinisindikiza mpaka barabarani. Mkononi alikuwa na debe, lile lile.

"Chukua."

"Wewe utatekea nini?"

"Nitaazima kwa mama. Wote wanaokwenda mjini tunawapa maneno, na maneno hayana uzito, yanaanguka njiani. Debe hutalisahau. Siku ukilirudisha, lirudi limejaa."

MTWARA, KWENYE VERANDA

Mlioniona nimepita mjini siku ile juu ya lori la Chilumba, sasa limejaa korosho, nimekumbatia debe, mkacheka, nawasamehe. Nyumbani sikwenda kwanza. Nilishuka mbele ya ofisi moja ambayo sitaitaja, wenyewe wanajijua. Kijana wa mapokezi, nywele amechana vizuri, akaniuliza kwa Kiswahili kilichochanganywa Kiingereza, nina shida gani na nina miadi na nani.

"Nimekuja kutazama maji," nikamwambia.

"Mama, hapa hakuna maji. Hapa ni ofisi."

"Nimesikia hivyo hata huko nilikotoka."

Akaniambia mkubwa yuko kikaoni. Nikakaa kwenye benchi la veranda. Kesho yake mkubwa yuko safarini. Nikakaa. Kesho kutwa mkubwa yuko, lakini ana wageni. Nikaleta sindano na uzi, nikawa napinda marinda ya watu pale pale, na wengine wenu ndipo mlipokuja kuchukua magauni yenu, msijifanye hamkumbuki. Mkubwa mwenyewe siku moja akatoka kwenda kula, akaniona na debe langu mapajani, akawaambia wenzake huku anacheka, "Debe tupu haliachi kuvuma."

Nikasimama. "Ndiyo, mzee, ni tupu. Ndiyo maana limekuja kwako."

Wenzake walitazama chini. Yeye hakucheka tena. Kesho yake nilikuta benchi limeondolewa. Veranda yote nyeupe, hakuna pa kukaa.

Athumani alikuja saa ya chakula. Niliona anavuka barabara, nikajiandaa kwa ugomvi. Kumbe amebeba bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Akachutama kando yangu, akafunua. Ulikuwa mchuzi, na bado wa moto.

"Nimeambiwa uko hapa siku kadhaa sasa," akasema. "Watu wananiuliza dada yako amekaa pale kwa nani."

"Waambie kwa maji."

"Nimewaambia," akasema Athumani. "Kula, kabla haujapoa."

Tangu hapo wametoka watu wawili kuniambia kwamba jambo langu linashughulikiwa, nirudi nyumbani, nitaitwa. Nimewajibu sina haraka, mtu niliyepanda lori la Chilumba. Kwa hiyo mkikuta cherehani yangu imefungwa kufuli, msiulize tena nimekwenda wapi. Njooni pale verandani na vitambaa vyenu, nitawapima. Futi ninayo shingoni. Kiti pia ninacho: siku ile walipoondoa benchi niligeuza debe la Somoe, kitako juu, nikakalia. Likijaa nitasimama.